Paa la Kioo la Motokaa na Njia ya Maji

Mwenye motokaa yenye dirisha la kioo paani aonapo zulia limelowa baada ya mvua, hudhani mara moja kwamba mpira wa dirisha umechakaa. Hununua gundi na kuziba ukingo wote wa kioo, lakini mvua ifuatayo maji huingia tena. Ili kuelewa sababu yake, yafaa kuchunguza jinsi dirisha hilo linavyobuniwa.

Kioo chenyewe

Kioo cha paa ni cha namna mbili. Namna ya kwanza ni kioo kilichoimarishwa kwa joto. Bamba hukatwa na kutobolewa kwanza, kisha hupashwa moto tanurini kupita nyuzi 600 za Sentigredi, halafu hupozwa ghafula kwa hewa ivumayo kwa nguvu. Nyuso zake huganda mapema. Sehemu ya ndani hupoa baadaye, na inaposinyaa huzivuta nyuso hizo. Hivyo nyuso hubaki katika hali ya kubanwa, na ufa mdogo hauwezi kupanuka kwa urahisi. Ufa ukifika ndani, nishati iliyofungwa humo hufunguka na bamba zima husambaratika kuwa vipande vidogo visivyo na makali mengi. Kwa sababu hiyo fundi hawezi kukikata kioo hicho ili kienee gari jingine.

Namna ya pili ni mabamba mawili yaliyounganishwa kwa utando wa plastiki. Mwaka 1903 Édouard Bénédictus, mkemia wa Ufaransa, aliangusha chupa, nayo ikapasuka bila kutawanyika, kwani ndani yake palikuwa na utando wa selulosi naitrati. Mwaka 1909 alipata hataza ya kioo cha aina hiyo.

Kioo cha paa hutiwa rangi ya kiza ili kupunguza joto. Jua la utosini hutoa takriban wati 1,000 kwa kila mita mraba. Dirisha lenye urefu wa mita 0.8 na upana wa mita 0.5 hupokea basi wati 400 hivi.

Njia ya maji

Kwa kuwa kioo lazima kisogee, mpira wake hauwezi kugandishwa. Wabunifu hukubali kwamba maji kidogo yatapenya, nao huyatengenezea njia. Chini ya ukingo wa kioo pana mfereji, na katika pembe zake, ambazo kwa kawaida ni nne, huanza mirija myembamba inayoteremka ndani ya nguzo za bodi na kumwaga maji chini ya gari. Kanuni yake ni ile ya mlizamu wa nyumba.

Vumbi na majani yakiziba mrija, mfereji hufurika. Maji hulowesha dari, hufuata nguzo, na hufika sakafuni penye nyaya za umeme, ambako huleta kutu na hitilafu ambazo chanzo chake ni vigumu kukigundua. Motokaa nyingi ziletwazo Afrika Mashariki kutoka Japani zimekwisha kutumika kwa miaka kadhaa, na mirija yake huenda haijapata kusafishwa.

Matunzo

Kabla ya masika, dirisha lifunguliwe na mfereji upanguswe. Kisha maji kidogo yamiminwe polepole katika kila pembe, na mtu mwingine atazame chini ya gari. Maji yasipodondoka, mrija umeziba. Usafishwe kwa uzi laini wa nailoni. Hewa yenye shinikizo kubwa isitumike, kwani yaweza kuuchomoa mrija ndani ya nguzo, mahali pasipoonekana. Grisi ya zamani iliyochanganyika na vumbi ifutwe katika reli kabla ya kupaka mpya. Mpira upakwe silikoni. Mafuta ya petroli huuvimbisha na kuuharibu.

Gundi ya kuzibia huzuia kioo kusogea na huiacha mirija imeziba kama ilivyokuwa. Kabla ya kuziba mahali popote, fundi na ajiulize kwanza maji yalikusudiwa yapitie wapi.