Mbwa wa Jirani Wakivuka Ua

Bashay, wilayani Mbulu, mbwa hafugwi kwa pambo. Fisi wapo, na usiku mmoja tu wa mlango wa zizi uliolegea unatosha kumwamsha mtu kwenye mizoga ya kondoo. Wezi wa mifugo nao hawajaisha, na mahindi yakianza kubeba, nyani hawangoji giza. Kwa hiyo mtu akilalamikia mbwa wa jirani, haimaanishi kwamba anawachukia mbwa. Naye anao wake wawili nyuma ya jiko. Analalamika kwa sababu mbwa yule anayesifiwa usiku kwa kubweka, saa kumi na mbili asubuhi bado yuko huru, na watoto wanatoka kwenda shule.

Ua wa huku nao si ukuta na geti. Ni minyaa, ni mkonge, ni miiba iliyokatwa ikaegeshwa, au hakuna kitu kabisa: uwanja wa huyu unaishia pale shamba la vitunguu saumu la yule linapoanzia, na njia ya miguu inakatiza katikati. Tundu la chini ya minyaa ambalo kuku hupitia ndilo mbwa atakalolipanua. Liziba leo kwa miiba, kesho atakuwa amefungua lingine hatua tatu mbele. Watu wa mjini wanaoshauri “jenga ukuta” hawajawahi kuuliza bei ya tofali ikishafika Mbulu.

Ukichunguza mbwa wanaovuka, mara nyingi utakuta ni wenye njaa. Wapo wafugaji wanaoamini kuwa mbwa akishiba halindi, kwa hiyo humwachia ajitafutie. Naye hujitafutia: sufuria la makande lililowekwa nje lipoe, mayai kwenye kiota, kondo la ng'ombe aliyezaa jana. Akifukuzwa kwa mawe siku tatu mfululizo, ya nne anageuka kukukabili. Kundi linaloandamana na jike mwenye joto lina mambo yake mengine, na hilo halifukuzwi na mtu mmoja mwenye fimbo. Kwa siku hizo chache watoto wasitumwe dukani peke yao, na mwenye jike amfungie bandani.

Mbwa akikujia, usikimbie. Simama, mikono kifuani, usimtazame machoni, kisha rudi nyuma taratibu. Ukianguka, jikunje na ufunike shingo na uso. Watoto wafundishwe hivyo nyumbani kama wanavyofundishwa kuvuka barabara.

Lakini ukali ni hofu ndogo. Kubwa ni kichaa cha mbwa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa ugonjwa huu huua watu wapatao 59,000 duniani kila mwaka, karibu wote wakiupata kwa mbwa, na katika kila wahanga kumi wanne ni watoto wa chini ya miaka 15. Kwa Tanzania, makadirio yaliyochapishwa mwaka 2002 kutokana na takwimu za walioumwa yalifikia vifo kama 1,500 kwa mwaka. Dalili zikishaanza kwa binadamu, kupona karibu hakupo. Kabla hazijaanza, kinga ipo na inafanya kazi. Kati ya kuumwa na dalili huwa kuna wiki kadhaa, pengine miezi miwili au mitatu, na muda huo ndio watu wengi huupoteza wakibishana na jirani kuhusu nani alianza.

Kwa hiyo mimi nashauri kwamba anayekwenda kwa jirani asianze na “kwa nini humfungi mbwa wako?” Hilo litajibiwa kwa hasira, na mbele ya mke na watoto wake mtu hakubali kushindwa. Aanze hivi: “Shikamoo, baba. Huyu Simba wenu alichanjwa lini?” Ni swali lisilomvunjia mtu heshima, na jibu lake ndilo litakaloamua unachofanya leo hii. Akikuonyesha cheti cha mwaka huu, mna shida ya ukali, inayoweza kungoja kikao. Akikuna kichwa, basi mna shida ya kijiji kizima.

Muhimu pia kutofautisha mbwa mkali na mbwa aliyebadilika. Yule anayekubwekea kila siku ukipita, kila siku kwa sauti ileile, huyo mnajuana. Wa kuogopwa ni yule mpole aliyeanza jana kuuma magogo, kutokwa mate, kubweka kwa sauti iliyokwama kooni, au kutembea moja kwa moja bila kugeuka hata akiitwa. Wapo pia wasiofanya fujo lolote: hujificha gizani na kulegea taya, na mwenye mbwa akidhani kakwamwa na mfupa humtia mkono mdomoni.

Aliyeumwa aoshwe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 kamili. Dakika 15 ni nyingi kuliko mtu anavyodhani. Ndoo ya kwanza itaisha, mtoto atalia, na bibi atakuja na mafuta ya taa au majani. Mwombe radhi bibi, endelea kumwaga maji. Kipande cha sabuni ya kufulia kinatosha. Halafu hospitali, siku hiyohiyo: chanjo huanza siku anayofika, hurudiwa siku ya tatu na ya saba, na wahudumu ndio watakaosema kama ipo nyingine au kama jeraha linahitaji dawa ya ziada. Mbwa akijulikana na akiweza kufungwa salama, asiuawe. Afungwe na kutazamwa siku kumi. Akimaliza siku kumi akiwa mzima, hakuwa na virusi hivyo mateni siku ile alipouma.

Kondoo nao wana kesi yao, na hii haisemwi sana barazani. Kaskazini mwa Tanzania wafugaji wanamjua vizuri kondoo au mbuzi anayezunguka mahali pamoja, kichwa kimeinama upande, mpaka anakufa. Wamaasai huuita ugonjwa huo ormilo. Pasua fuvu lake utakuta kifuko chembamba cha maji kimeukandamiza ubongo, na ndani ya utando wake vidoa vyeupe vimejipanga kwa makundi. Kila kidoa ni kichwa cha tegu. Mbwa akitupiwa kichwa hicho, tegu hukomaa tumboni mwake, na mayai hutoka na kinyesi, ambacho mbwa huyo hukiacha kwenye majani ya malisho yako. Kwa hiyo mbwa wa jirani anaweza kukuulia kondoo bila kumgusa kwa jino. Kinga yake si ghali: vichwa vya kondoo waliokufa vifukiwe au vichomwe, na mbwa wapewe dawa ya minyoo mara kwa mara. Ila haifai kitu ikifanywa na nyumba moja.

Kuna njia ya mkato ambayo kila mtu anaijua na hakuna anayeitaja kwa sauti: nyama iliyolowekwa sumu ya panya au dawa ya kuogeshea ng'ombe, ikatupwa uani usiku. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inakataza ukatili kwa mnyama, na kumuua kwa makusudi mnyama wa mtu ni kosa katika Kanuni ya Adhabu. Tuache sheria. Sumu haichagui, na asubuhi mbwa wako mwenyewe anaweza kuwa wa kwanza kulala chali. Tena ukiua mbwa waliochanjwa, umeubomoa ukuta pekee ambao kijiji kilikuwa nacho. Kinachokatiza kichaa cha mbwa ni kuchanja walau asilimia 70 ya mbwa, si kuwapunguza. Pemba walifanya hivyo: kampeni za chanjo zikautokomeza ugonjwa kisiwani mwaka 2014, ukarudi 2016, wakachanja tena, na kufikia 2018 ukawa umeondoka kwa mara ya pili.

Na kisingizio kwamba kijijini hakuna friji ya kuhifadhia chanjo ya mbwa kimepungua nguvu. Utafiti uliofanywa hapahapa Tanzania na kuchapishwa mwaka 2016 ulionyesha kuwa aina moja ya chanjo hiyo inayotumika sana, Nobivac, ilibaki na nguvu baada ya kukaa miezi sita kwenye nyuzi joto 25, au mitatu kwenye nyuzi 30. Mkoani Mara watafiti wakaanza kuihifadhi vijijini ndani ya vyungu vya udongo vinavyopozwa kwa maji. Nyanda za juu za Mbulu, ambako watu hulala na blanketi mbili, sioni kwa nini zishindwe.

Jirani akikaidi, sheria si bubu. Kifungu cha 233 cha Kanuni ya Adhabu kinamgusa mtu anayezembea kuchukua tahadhari dhidi ya hatari inayotarajiwa kutoka kwa mnyama aliye mikononi mwake. Upande wa madai, tulirithi kanuni ya Kiingereza kwamba anayefuga mbwa akijua kuwa huuma, atalipa madhara hata kama alijitahidi kumdhibiti. Neno zito hapo ni “akijua”. Kile kibao cha “Mbwa Mkali” mnachokiona kwenye mageti ya mjini, ambacho wengi hudhani kinawakinga, kinaweza kusomwa kama ungamo la mwenye nyumba. Bashay hakuna vibao, basi taarifa yako ndiyo kibao. Siku ya kwanza mbwa anapomkwaruza mtu, mwambie mwenyewe mbele ya mjumbe au mwenyekiti wa kitongoji, na tarehe iandikwe. Safari ya pili hawezi kusema hakujua. Baada ya hapo kuna mtendaji wa kijiji, afisa mifugo, kisha Mahakama ya Mwanzo, ingawa nionavyo mimi mambo mengi ya namna hii huishia vizuri zaidi kwa wazee. Mtu anaweza kulipa faini ya mahakama na kuendelea na mbwa wake. Kukosa wa kumsaidia kuvuna ni jambo jingine.

Ukiwa wewe ndiwe mwenye mbwa, mjengee banda lenye kivuli na maji, akae humo mchana, umfungulie watoto wakishaingia ndani na mifugo ikishafungiwa. Kumfunga mnyororo mfupi mwaka mzima kunamfanya awe mbaya zaidi. Mlishe, hata kama ni ugali na dagaa tu. Akiuma mtoto wa watu, toa nauli na gharama za sindano siku hiyohiyo, kabla hamjakaa kuulizana kosa ni la nani. Sindano ya pili inaangukia siku ya tatu, na kwa kawaida kikao kinakuwa bado hakijaitishwa.