Krasny Yar: Msitu Uliohifadhi Mila za Waudege

Kijiji cha Krasny Yar, kando ya mto Bikin katika mkoa wa Primorye, mashariki ya mbali ya Urusi, kilianzishwa mwaka 1957 pale utawala wa Kisovieti ulipowakusanya Waudege, wenyeji wa asili wa eneo hilo, kutoka makazi madogo yaliyotawanyika mtoni. Wapo wanaosema kwamba mila za Waudege zilikoma hapo, kwa kuwa watu waliozoea kuhama wakifuata samaki na wanyama waliwekwa kwenye nyumba za mbao zilizopangwa mtaa kwa mtaa. Hoja hiyo inatazama nyumba na kusahau riziki. Hata baada ya kuhamishwa, wanaume waliendelea kupanda mto kwa mitumbwi hadi kwenye maeneo yao ya kuwinda nguruwe mwitu na wanyama wa manyoya. Familia ziliendelea kuvua samaki na kuokota kokwa za misonobari. Heshima kwa simbamarara nayo ilibaki: mwindaji hakumtafuta ili amuue, maana alimhesabu kuwa mwenye msitu.

Ndiyo maana mapema miaka ya 1990, kampuni ya ubia wa Warusi na Wakorea Kusini ilipotaka kukata miti ya Bikin, Waudege walipinga kwa nguvu hadi ukataji ukazuiwa. Mtu hapiganii hivyo msitu anaoukumbuka tu; huupigania ule anaokula kutoka kwake. Mwaka 2009 jumuiya ya wenyeji ilikodi sehemu kubwa ya msitu huo kwa miaka 49, na mwaka 2015 ikaundwa Hifadhi ya Taifa ya Bikin, yenye zaidi ya hekta milioni 1.1. Wengi waliogopa kwamba hifadhi ingewafungia mlango, na hofu hiyo ilikuwa ya haki, kwani duniani kote hifadhi nyingi zimewafukuza wenyeji. Hapa sheria iliwaachia Waudege uwindaji na uvuvi wao katika sehemu kubwa ya eneo, na kwa maoni yangu sharti hilo lina uzito kuliko hadhi ya Urithi wa Dunia ambayo Bikin ilipata mwaka 2018.

Pingamizi lililobaki ni zito zaidi. Sensa ya 2010 iliwahesabu Waudege wapatao 1,500 tu nchini Urusi, na lugha yao sasa inazungumzwa na wazee wachache. Msitu hauwezi kuirudisha lugha hiyo. Kazi hiyo inahitaji walimu, vitabu, na wazazi wanaozungumza na watoto nyumbani.