Mwasho wa Siri na Dawa ya Kupaka

Yako maradhi ambayo mtu huyataja mbele ya watu wote, kama homa na kikohozi, na yako mengine ambayo huyaficha hata kwa mwenzi wake. Mwasho wa tupu ya nyuma ni katika hayo ya pili. Huko Kasikeu, upande wa Kilome katika Makueni, kama ilivyo mahali pengine pote, mwenye mwasho huu aona ni afadhali aende Sultan Hamud siku ya soko, anunue dawa ya kupaka kwa sauti ya chini, na arudi kwake bila ya kuulizwa neno. Pengine hupona. Lakini pengine mwasho huzidi, fedha imekwisha kutoka, na ugonjwa wenyewe haujajulikana.

Yafaa ikumbukwe kwamba mwasho si ugonjwa mmoja, bali ni dalili ya mambo mengi. Kwa watoto, sababu iliyo kubwa ni minyoo midogo myeupe iliyo kama nyuzi, yenye urefu upatao sentimita moja. Usiku jike lake hutoka na kutaga mayai juu ya ngozi, na ndiyo sababu mtoto huamka akilia na kujikuna. Mayai huingia katika kucha zake, yakashika shuka na nguo, kisha yakarudi kinywani mwake na mwa ndugu zake. Mwasho wa namna hii hauponi kwa kupaka. Dawa yake ni ya kumeza, kama albendazole au mebendazole, nayo humezwa na watu wote wa nyumba ile siku moja, kisha hurudiwa baada ya wiki mbili. Mama mwenye mimba na mtoto aliye chini ya miaka miwili wapelekwe kwanza kwa muuguzi. Tena kucha zikatwe, na shuka na nguo za ndani zifuliwe kwa maji ya moto na kuanikwa juani.

Kwa watu wazima, sababu huweza kuwa bawasiri, mchaniko wa ngozi, ukungu wa ngozi, upele, au ugonjwa wa kisukari. Mara nyingi, hata hivyo, chanzo ni kidogo mno: uchafu kidogo uliobaki baada ya haja, au unyevu wa jasho, au sabuni kali. Mtu akiwashwa hujikuna. Akijikuna ngozi huchubuka. Ngozi ikichubuka huwasha zaidi. Huo ndio mzunguko ambao dawa ya kupaka inatakiwa kuukata.

Dawa ya kwanza ni maji, na katika Ukambani neno hili si jepesi. Wakati wa kiangazi maji huchotwa katika mashimo ya mchanga wa mito iliyokauka, na punda huyabeba mwendo mrefu. Lakini kazi hii haihitaji ndoo nzima. Kopo moja la maji safi baada ya haja latosha, pasipo sabuni. Kisha mahali pale pakaushwe kwa kitambaa laini, kwa kugusa-gusa wala si kwa kusugua. Aliye safarini na asiye na maji atumie karatasi laini iliyoloweshwa, wala asitumie gazeti au majani makavu. Nguo za ndani ziwe za pamba, zisizobana.

Baada ya kukausha ndipo dawa ipakwe. Mafuta mazito yaliyotiwa zinki, kama yale yapakwayo watoto wachanga, huikinga ngozi na unyevu, nayo yaweza kutumika kila siku. Ikiwa mwasho hautulii, huongezwa hydrocortisone ya asilimia 1, ambayo hupakwa kidogo sana asubuhi na usiku. Dawa hii imejulikana kwa kutuliza ngozi tangu mwaka 1952, lakini isipite wiki mbili bila ya shauri la mganga. Palipo na ukungu, dawa ifaayo ni clotrimazole.

Hapa ndipo palipo na hatari. Madukani ziko dawa zilizochanganywa, zenye steroidi kali pamoja na dawa ya ukungu na ya vijidudu. Siku za kwanza mgonjwa hupata raha, akadhani amepona. Akiendelea kwa miezi, ngozi huwa nyembamba kama karatasi, huchanika upesi, na mwasho hurudi kwa nguvu. Hata dawa za kutia ganzi huweza kuichokoza ngozi. Wala mtu asijaribu mafuta ya taa, spiriti, au dawa za kusafishia sakafu, kwa kuwa hizo huunguza.

Vyakula navyo vina neno. Wako watu wanaowashwa wakinywa kahawa au chai nyingi, au wakila pilipili. Yafaa kuacha kimoja kimoja kwa wiki mbili na kuona.

Mwisho, ziko dalili zisizongojwa: damu, uvimbe, kidonda kisichopona, kukonda pasipo sababu, au choo kilichobadilika desturi yake. Hizo huweza kuwa alama za saratani, na mwenye kuzificha chini ya mafuta ya kupaka hupoteza siku ambazo angeweza kutibiwa. Pia mwasho uliopita wiki tatu au nne na kutosikia dawa upelekwe zahanati au hospitali. Muuguzi na daktari wameuona mara nyingi, na hawamcheki mtu. Aibu ya dakika tano mbele ya mganga ni nyepesi kuliko usiku mwingi bila usingizi.