Kiebrania Vyuoni Marekani: Waliotangulia na Waliovunja Rekodi

Kitabu cha kwanza kuchapwa katika makoloni ya Waingereza huko Marekani, mwaka 1640, kilikuwa Zaburi, na wachungaji wa Massachusetts walizitafsiri upya kutoka Kiebrania. Zimebaki nakala 11 tu. Mwaka 2013 moja iliuzwa New York kwa zaidi ya dola milioni 14, bei ambayo hakuna kitabu kilichochapwa kilichokuwa kimewahi kuifikia mnadani.

Harvard, chuo kikongwe kuliko vyote nchini humo (1636), kilifundisha Kiebrania tangu mwanzo. Mkuu wake wa kwanza, Henry Dunster, aliingia darasani mwenyewe. Lakini anayestahili heshima kubwa zaidi ni Judah Monis, Myahudi wa kwanza kupata digrii huko, mwaka 1720. Alibatizwa Machi 1722, na mwezi uliofuata akaajiriwa kufundisha Kiebrania. Vitabu havikuwepo, basi kila mwanafunzi alinakili sarufi ya mwalimu kwa mkono, ukurasa kwa ukurasa. Herufi za chapa ziliagizwa London, na mwaka 1735 sarufi hiyo ikatoka Boston, ya kwanza ya Kiebrania kuchapwa Marekani. Monis alifundisha hadi 1760.

Kwa ukali, wa kwanza ni Ezra Stiles wa Yale, chuo chenye maneno ya Kiebrania kwenye nembo yake. Aliwalazimisha wanafunzi wote wa mwaka wa kwanza kukisoma. Walinung'unika miaka na miaka, mpaka mwaka 1790 akakubali kuwafundisha wanaotaka tu. Mimi namwunga mkono Stiles wa mwanzo.

Sisi wa Busale tunaosoma Mwanzo kwa Kiswahili kanisani tuna fungu letu katika rekodi hizi. Sehemu ya kwanza kabisa ya Biblia kuchapwa kwa Kiswahili ilikuwa sura tatu za kwanza za Mwanzo, kazi ya mmisionari Krapf kutoka Mombasa, na zilichapwa Marekani mwaka 1847, katika jarida la wanazuoni wa lugha za Mashariki, Kiebrania kikiwemo. Biblia nzima ilitoka 1891, mwaka uleule Wamoravian walipofika Rungwe, huko juu milimani kwetu.

Na Mwafrika Mashariki aliyefika mbali kuliko wote kwa njia hii ya Kiebrania na vyuo vya Marekani ni Gershom Sizomu wa Mbale, Uganda. Anatoka kwa Abayudaya, watu waliomfuata Semei Kakungulu mwaka 1919 wakashika dini ya Kiyahudi kwa kuisoma Biblia ya Kiganda. Idi Amin aliwapiga marufuku, wakasali kwa kujificha. Sizomu alikwenda chuo kikuu cha Kiyahudi Los Angeles, na mwaka 2008 akawa Mwafrika mweusi wa kwanza mzaliwa wa Afrika kuwekwa wakfu kuwa rabi na chuo cha Marekani. Alirudi kwao mlimani Nabugoye, akafungua shule ya kufundisha Torati.