Marekani: Leseni kwanza, mkopo wa nyumba baadaye

Nchini Marekani, anayepokea maombi ya mkopo wa nyumba na kujadili masharti yake kwa malipo hana budi kuwa na leseni. Ndivyo inavyotaka sheria ya SAFE, iliyotiwa saini Julai 30, 2008, wakati familia nyingi zikinyang'anywa nyumba kwa mikopo zisizoweza kuilipa.

Kwa mujibu wa sheria hiyo, mwombaji husoma saa 20, zikiwamo tatu za maadili, kisha hufanya mtihani ambao alama ya kufaulu ni asilimia 75. Huchukuliwa alama za vidole, na madeni yake binafsi hukaguliwa. Aliyepatikana na hatia ya kosa kubwa la udanganyifu hapati leseni kamwe. Kosa kubwa la aina nyingine humzuia kwa miaka saba. Kila mwaka huongeza masomo ya saa nane.

Wafanyakazi wa benki hawadaiwi leseni hiyo. Wao huandikishwa tu. Kampuni za mikopo na za udalali, kwa upande wao, huomba leseni katika majimbo zinakofanyia biashara. Ya Texas haitumiki California.

Kila mwenye leseni ana namba katika daftari la pamoja liitwalo NMLS, na yeyote anaweza kuikagua bila malipo. Kwa hiyo, Mtanzania au Mkenya anayenunua nyumba huko aombe namba kabla ya kutoa ada. Dalali akisitasita kuitaja, mteja afunge mkoba wake.