Tarakilishi na Njia ya Maporomoko

Usiku wa kuamkia tarehe 23 Novemba 2019, maporomoko ya ardhi yalivifukia vijiji vya Nyarkulian na Parua, Pokot Magharibi. Zaidi ya watu 40 wakaangamia. Je, tarakilishi ingeweza kuionyesha mapema njia ya tope lile? (Siku ya kuporomoka si swali lake.)

Programu huanza na ramani ya miinuko iliyogawika katika miraba, kila mraba na kimo chake. Kila mmoja hulinganishwa na majirani wanane, na tope huelekezwa kwenye mteremko mkali zaidi. Litakomea wapi ndilo swali gumu. Albert Heim, aliyechunguza poromoko la Elm, Uswisi, la mwaka 1881, alizingatia pembe ya mstari utokao juu lilikoanzia hadi ncha lilikokomea. Programu kadhaa zingali zinaitegemea pembe hiyo.

Ila data zipatikanazo bure, zilizokusanywa na chombo cha anga Endeavour mnamo Februari 2000, zina miraba ya mita 30 kwa 30. Mraba mmoja humeza boma zima pamoja na korongo la ubavuni mwake, navyo vikapewa kimo kimoja. Aghalabu korongo hilo ndilo lipitishalo tope. Ramani basi yaweza kuutambua mlima, isiitambue nyumba. Upimaji wa leza kutoka kwenye ndege huupunguza mraba hadi mita 1, na hapo korongo huonekana.