Babu Yako Yuko Kwenye Jalada Gani? Kutafuta Historia ya Ukoo Ukiwa Dar

Kabla hatujaendelea, hebu jaribu kitu kidogo. Taja jina la babu yako, la baba yake, na la baba yake huyo. Umekwama wapi? Wengi wetu tuliokulia Mbagala, Tandika, Manzese au Bunju tunakwama mapema tu. Tunajua "kwetu Kisarawe" au "kwetu Rufiji", basi.

Kwetu suala hili lilianza kama ugomvi. Babu mzaa mama alipofariki aliacha nyumba Tandika. Siku ya arobaini akatokea mama mmoja kutoka Mkuranga, akasema na yeye ni mtoto wa marehemu, kwa mke wa kwanza. Wajomba hawakutaka hata kumsikiliza. Cheti hana, picha hana. Mimi kwa kuwa ndiye "msomi" wa familia, nikaambiwa: haya, katafute.

Nilichojifunza ni hiki: ofisi haziandiki historia za koo. Zinaandika siku ambayo mtu alikuwa na shida na ofisi. Alilipa kodi, alioa, alibatizwa, aligombea minazi, aliomba kiwanja. Kwa hiyo usiulize "historia ya babu iko wapi?" Uliza "babu alikutana na ofisi gani, na mwaka gani?"

Kwa nini usianze na cheti cha kuzaliwa

Kwa sababu huenda hakipo. Sheria ya kuandikisha vizazi na vifo ilitungwa Tanganyika mwaka 1920, lakini kwa muda mrefu iliwalazimisha zaidi Wazungu na Waasia, Mwafrika hakulazimika. Leo kazi hiyo ni ya RITA, na inafaa kuuliza huko, ila bibi aliyezaliwa kijijini enzi za Mwingereza usishangae akikosekana.

Na sensa je? Tangu uhuru tumehesabiwa mwaka 1967, 1978, 1988, 2002, 2012 na 2022. Lakini taarifa za mtu mmoja mmoja ni siri kisheria. Utapata idadi ya watu wa Temeke, hutapata jina la babu.

Anza na wazee, kisha sanduku

Mzee usimuulize "ulizaliwa mwaka gani?" Muulize kulikuwa na nini. Akisema mama yake alizaliwa wakati wa vita vya Mjerumani, hapo una 1914 hadi 1918. Akisema Majimaji, una 1905 hadi 1907. Azimio la Arusha ni 1967. Muulize pia nani alizikwa wapi, nani aliozesha, nani alisimamia mirathi. Kila jibu linakuonyesha ofisi au mtu wa kumfuata.

Halafu omba ruhusa ufungue lile sanduku la chini ya kitanda. Kadi ya TANU, risiti ya kodi, barua ya kiwanja, cheti cha ndoa: piga picha kila kitu, mbele na nyuma.

Mitego miwili

Wa kwanza ni mipaka. Dar es Salaam na Pwani zilikuwa mkoa mmoja hadi miaka ya 1970. Mkuranga ilikatwa kutoka Wilaya ya Kisarawe. Kigamboni ilikuwa ndani ya Temeke, na Ubungo ndani ya Kinondoni, mpaka juzi juzi tu. Kwa hiyo tafuta kwa jina la wilaya la wakati ule, si la leo.

Wa pili ni majina. Wengi wetu hatuna jina la ukoo linalorithiwa. Tunabeba la baba na la babu, kwa hiyo jina la mwisho linabadilika kila kizazi. Na tahajia ni vurugu: Athumani, Athuman, Othman na Osman anaweza kuwa mtu yule yule. Kwenye karatasi za Wajerumani, Uzaramo imeandikwa Usaramo na Bagamoyo ni Bagamojo. Andika orodha ya tahajia zote kabla hujatoka nyumbani.

Uende wapi sasa

Kama ukoo ni wa Wakatoliki, nenda parokiani. Daftari la ubatizo lina majina ya mtoto, wazazi na msimamizi, na pembeni huwa wanaongeza ndoa aliyokuja kufunga baadaye. Mstari mmoja, vizazi viwili.

Kama ni ndoa ya baada ya Sheria ya Ndoa ya 1971, ilitakiwa kuandikishwa, iwe ya msikitini, ya kanisani au ya kimila.

Kwa mambo ya zamani zaidi kuna Nyaraka za Taifa, pale Upanga. Huko kuna majalada ya Mjerumani na ya Mwingereza. Kwa kawaida nyaraka za serikali hufunguliwa kwa wasomaji baada ya miaka 30. Beba barua ya utambulisho na uvumilivu. Utasoma zaidi habari za maakida, mashamba na kodi kuliko za babu yako.

Ila ofisi ambayo watu wengi wanaisahau ni mahakama ya mwanzo. Mirathi inapofunguliwa, familia hupeleka muhtasari wa kikao cha ukoo, na humo warithi wanatajwa kwa majina. Huo ni mti wa ukoo uliogongwa muhuri!

Tulichokipata

Kwa babu sikupata kitu. Nikabadili swali: yule mke wa kwanza, alipofariki, aliacha nini? Mzee mmoja kijijini akajibu hapo hapo: "Minazi. Kaka zake walishtakiana." Basi nikaandika barua, nikaenda masjala mara nne. Jalada lilikuwa la mwaka 1974. Waliotajwa: kaka wawili, mume, ambaye ni babu, na binti mmoja, umri miaka 4.

Angalia hapo. Mama wa Mkuranga anasema alizaliwa mwaka wa Azimio, kwa hiyo 1974 alikuwa na miaka 7. Nani mwongo? Huenda hakuna. Karani alikadiria, kama makarani wengi walivyofanya. Ndiyo maana hatutegemei kitu kimoja. Jina la mtoto, la mama, la baba na la kijiji vyote vilikubaliana na alichotueleza kabla jalada halijaonekana.

Karatasi ile haithibitishi damu, tuwe wakweli. Inaonyesha kwamba nyumba ya Tandika ikiwa bado haijajengwa, na hakuna wa kuigombea, babu alisimama mbele ya hakimu akasema huyu ni mwanangu. Mjomba mkubwa aliisoma mara mbili, akavua miwani, akauliza namba ya simu ya dada yake.

Mimi siku hizi namwita mama mkubwa. Wewe anza na mzee aliye karibu nawe, jumapili hii. Majalada yatakusubiri kidogo, wazee hawawezi.